Ng'ombe Haulizwi Kama Anasikia

Sapiwi,
Bariadi.
14 Septemba, 1996.

Kwa mama yangu mdogo Minza,

Mwangaluka mayu, mama yangu! Nakusalimu salamu ya asubuhi kwa sababu Kristofa, dereva wa lori la pamba anayekuletea barua hii, ameniapia kwamba atapita Zagayu kabla jua halijawa kali. Ikikufikia jioni ujue na yeye ni wale wale tu, siku hizi kila mtu anaahidi. Je, hujambo? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimepoa? Nancy anaendeleaje na shule, na mjomba wake aliyewapokea hapo Zagayu, na watu wote wa nyumba yake? Sisi huku ni mhola, wazima, ukiacha haya nitakayokueleza, ambayo si mhola hata kidogo. Ila nimefundishwa kwamba barua haianzi na malalamiko, kwa hiyo acha kwanza nikuambie kuwa mvua bado, pamba imeuzwa, na yule mtamba wako mwekundu amezaa jike. Nimemwachia maziwa ya kutosha, sikamui mpaka chuchu zikauke kama afanyavyo kaka Mwandu.

Mke mwenzio Nyanjige, mama yangu, anakusalimu sana. Hali yake nyingine ni njema. Mguu umepona, anatembea, analima bustani yake ya mchicha kule bondeni. Lakini masikio, mayu, ni yale yale uliyoyaacha miezi minne iliyopita. Hasikii kitu. Juzi ng'ombe walivunja boma wakapita nyuma yake wote kwa kishindo, na yeye akaendelea kuchambua mchicha, mpaka Jenifer, mkwe wako, akakimbia kumvuta kwa kanga. Jenifer akitaka kumwita humgusa bega, na kila akiguswa anashtuka. Hilo la kushtuka ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mtu mzima, kwenye uwanja wake mwenyewe, anashtuka kutwa nzima.

Mimi nimechoka, mama mdogo. Nimechoka na watu. Unajua kwamba tangu nilipopunguzwa kazi mwaka jana, baada ya miaka kumi na minne ya ubwana mifugo, nimefungua kile kiduka cha dawa za mifugo pale sokoni Bariadi. Josho la kijiji limekauka, wamebaki vyura tu, na serikali imesema kila mtu amtibu ng'ombe wake mwenyewe. Haya, tumekubali, ni soko huria. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa daktari wa watu! Wanakuja kila siku. Mzee Luhaga, yule wa ng'ambo ya mto, alikuja kununua dawa ya minyoo. Nikamuuliza mbuzi wangapi. Akasema si mbuzi, ni wajukuu, watano, na yule mdogo bado ananyonya. Nilimweleza mpaka koo likanikauka. Nilimwambia ng'ombe na mbuzi wana tumbo lenye vyumba vinne, binadamu ana kimoja. Kinachopita salama kwenye vyumba vinne kinaweza kumuua mwenye kimoja. Nilimwambia ndigana kali inayomaliza ndama zetu haijawahi kumlaza mtu kitandani hata siku moja, basi ajue miili hii haifanani.

Unajua alinijibu nini? Alisema taratibu kabisa, huku amejiegemeza kwenye kaunta yangu, kwamba ng'ombe anabeba mimba miezi tisa na mwanamke miezi tisa. Ng'ombe akiumwa mapafu anakohoa, mtu akiumwa mapafu anakohoa. Kimeta kinamuua ng'ombe na kinamuua mla nyama yake. Akasema amechinja ng'ombe maisha yake yote, na ndani yao hajawahi kuona kitu ambacho yeye mwenyewe hakutegemea kuwa nacho, ini, figo, moyo, nyongo, vyote mahali pake. Kisha akatoka akaenda duka la jirani, ambako wanamuuzia yeyote chochote bila swali.

Nilikasirika, nikafunga duka mapema. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba mzee hakusema uongo. Hata chuoni walitufundisha hivyo. Moyo wa mtu na moyo wa nguruwe ukiwekewa mezani bila kuambiwa, utakuna kichwa. Tunafanana na hawa viumbe kiasi cha kutosha kukudanganya, halafu pale pale unapoamini, kuna kitu kidogo kimoja kiko tofauti, na hicho kidogo ndicho kinachokumaliza.

Sasa nikueleze mambo ya ile siku ya mganga wa Nkololo, maana wewe hukuruhusiwa kuwepo na najua umeelezwa vingine. Ilikuwa wiki ya pili tangu mama aache kusikia. Kaka Mwandu, kama mkubwa wa nyumba tangu mzee Masele afariki, aliamua kwamba tupige ramli ya kuku. Nilisema tumpeleke hospitali. Akanijibu kwamba hospitali tumeshakwenda kwa ajili ya mguu na tukapewa karatasi tu ya kwenda kununua dawa. Hapo hakukosea. Basi tukaenda Nkololo, mama akapewa kifaranga, akakishika mdomoni akakipulizia pumzi yake, wakakichinja, wakakipasua.

Mganga akakifunua pale juani tukiangalia wote. Akasema kuku huyu sasa ni Nyanjige, alichonacho ndani ndicho Nyanjige alichonacho. Alituonyesha madoa meusi kwenye ini. Mayu, mimi nimepasua kuku wangapi kwa kazi? Yale madoa ni ugonjwa, kifaranga kilikuwa kinaumwa, ningeweza kumtajia na dawa ilipo kwenye rafu yangu. Nikasema hivyo mbele ya watu. Mganga hakukasirika. Alisema ni kweli kinaumwa, na kinaumwa kwa sababu aliyekipulizia anaumwa, mimi nilitegemea nini? Watu wakacheka. Nikamwambia kuku hana hata ndewe za masikio, ana tundu tu chini ya manyoya, sasa masikio ya mama unayasoma wapi? Akanitazama akaniuliza kama mimi, niliyesoma, nasema mnyama na mtu hawahusiani kabisa. Nikanyamaza. Utakuja kuona kwa nini nilinyamaza.

Halafu akauliza kama kuna mwanamke wa nyumba hiyo hiyo aliyewahi kuyasema masikio ya mgonjwa. Basi! Kila mtu akakumbuka ule ugomvi wenu wa mbuzi kuingia kwenye pamba, ulipomwambia mama kwamba masikio yake ni ya urembo tu, afadhali asingekuwa nayo. Jamani! Maneno hayo mama mwenyewe ameniambia mimi mara elfu tangu nikiwa mdogo, na masikio yangu yapo. Lakini Mwandu alikuwa ameshasimama. Wakaanza na macho yako, kwamba ni mekundu, ni ya mchawi. Macho ya mwanamke yupi Sapiwi si mekundu? Tunapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, moshi umejaa jikoni, hata ndama ukimfungia humo atatoka na macho mekundu. Nilitaka kuyasema haya yote. Niliyasema kwa Jenifer, chumbani, mlango umefungwa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mawe juu ya bati lako. Mwandu kukupa mpaka Jumapili. Sote tunajua kinachowapata wanawake wa umri wako wanaoambiwa hivyo na wakakaidi kuondoka, na wewe ulijua, ndiyo maana hukubishana. Uliondoka na sufuria, mkeka, na Nancy. Ulipopita kuniaga nilikuwa bomani nakagua meno ya mtamba, ukasimama, ukasema nibaki salama, na mimi nikaitikia bila kugeuka vizuri. Yule mtamba hakuwa na shida yoyote ya meno.

Mwezi wa saba ndipo nilipompeleka mama hospitali ya misheni, mbali, karibu na Mwanza, bila kumwambia Mwandu. Daktari alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye maswali mafupi mafupi. Alimpima mama kwa kengele za chuma, akamwangalia ndani ya masikio, hakuona usaha wala jeraha. Akaniuliza kama mama alipigwa sindano yoyote kabla ya kuacha kusikia. Nilimwambia alipigwa zahanati. Akauliza ya dawa gani, nikasema sikumbuki. Akaniambia kwamba ipo dawa moja, streptomaisini, wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu, ambayo kwa mtu inaweza kuua mshipa wa fahamu wa sikio, hasa kwa wazee, na mshipa huo ukishakufa hauoti tena. Ndiyo sababu mgonjwa anayedungwa dawa hiyo huulizwa mara kwa mara kama masikio yanalia, kama anasikia mluzi, kama kichwa kinazunguka. Akisema ndiyo, sindano inasimamishwa hapo hapo.

Nilimuuliza kama ng'ombe nao huwapata. Alinishangaa kidogo, kisha akacheka, akasema huenda huwapata na huenda hapana, maana nani amewahi kumuuliza ng'ombe kama masikio yanalia?

Hapa, mama mdogo, kama ni Nancy anayekusomea, chukua barua usome mwenyewe. Najua unasoma.

Ni mimi. Si wewe, si kuku, si mtu mwingine yeyote. Mama alipochomwa na ule mwiba na paja likavimba, na hospitali wakatupa karatasi, nilichukua chupa kutoka dukani kwangu. Ni penisilini iliyochanganywa na hiyo hiyo streptomaisini, na juu yake pamechorwa ng'ombe, na pameandikwa kwamba ni kwa matumizi ya wanyama tu. Mimi mwenyewe ndiye ninayewasomea wateja maandishi hayo! Nilijiambia kwamba dawa ni dawa, penisilini ya mtu na ya ng'ombe ni mama mmoja na baba mmoja, tofauti ni picha. Nilijiambia wengine wanakosea kwa sababu hawajui kipimo, mimi nina cheti. Nikachukua ule utepe wa kupimia ng'ombe, unaozungushwa kifuani na kukuonyesha uzito, nikamzungushia mama. Alicheka akaniuliza nampeleka mnada gani. Utepe ukasema yeye ni ndama wa miezi michache, nami nikampimia dawa ya ndama. Siku kumi na mbili nilimdunga, asubuhi na jioni.

Paja lilianza kupoa siku ya tano na mimi nikajivuna. Siku ya saba aliniambia kuna mluzi masikioni, kama mtu anapuliza filimbi mbali, na kwamba akiinuka dunia inazunguka. Aliniambia, mayu. Alitamka kwa mdomo wake. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe niliyokuwa nikiwahubiria akina mzee Luhaga, kwamba mtu anaweza kukuambia anachosikia mwilini mwake, na mimi nikamjibu kwamba ni homa tu, avumilie, nikavuta sindano nyingine. Nimezoea wagonjwa wasiosema. Nilimtibu mama yangu kana kwamba hana mdomo.

Utauliza kwa nini nilikaa kimya ulipokuwa ukifukuzwa. Siku ile ya kuku sikuwa na uhakika, lakini shaka nilikuwa nayo, kubwa tu, na nilipotoka kwa yule daktari hata shaka haikuwepo. Nilikaa kimya miezi miwili zaidi. Niliogopa. Niliwaza duka, niliwaza cheti, niliwaza watu watakavyosema kwamba bwana mifugo kamfanya mama yake ndama. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na Mwandu, na mganga, na serikali, na mzee Luhaga, kwa sababu hasira na watu wengine ni nyepesi kubeba. Sasa unajua.

Na nisijidai kuwa shujaa kwamba nimesimama mbele ya ukoo nikakiri. Sikufanya hivyo. Jumapili iliyopita baada ya misa nilimwandikia mama kikaratasi, peke yake, nimweleze kwanza yeye. Nilimpa akiwa amekaa uwanjani anatenganisha kunde, na Mwandu na wanawe walikuwa pale pale wanashona magunia. Nilifikiri karatasi ni siri. Lakini unakumbuka mlivyofundishwa nyinyi wawili kule kwenye darasa la watu wazima, mmekaa benchi moja, kwamba kusoma ni kutamka, silabi kwa silabi. Mama hajui kusoma kimyakimya. Na sasa hajisikii, hajui sauti yake imefika wapi. Akasoma kwa nguvu, mayu, mpaka majirani wakanyanyuka. "Ma-ma ni mi-mi ni-li-ye-ku-du-nga da-wa ya ng'o-mbe." Yote. Nilisimama pale nikimwonyesha kwa mikono apunguze, na yeye kidole kipo kwenye mstari, macho hayainuki. Alisoma mpaka kwenye jina langu.

Alipomaliza aliinua macho akanitazama. Hakulia. Mwandu ndiye aliyesema wa kwanza, na nilijua atakachosema, maana hawa watu hawashindwi. Alisema hata hivyo ni Minza, kwa sababu nani aliyenitia mimi upumbavu huo wa kumdunga mama kama si aliyetaka masikio yake yafe? Unaona nilichokuambia kuhusu kuchoka! Hata ukweli ukiwekwa mezani wanaugeuza ukawa kuku. Nilitaka kumrukia.

Mama aliona midomo ya Mwandu inacheza. Akaichomoa kalamu mfukoni mwangu, akamnyooshea pamoja na kile kikaratasi upande usioandikwa, akamwambia, bado kwa sauti ile ile ya kufika mtoni, kwamba asiseme hewani, aandike, na yeye apate kujua. Mwandu akapokea kalamu. Alikaa juu ya gunia, akaweka karatasi gotini, watu wote wamesimama wanamwangalia. Alikuwa ameshaliropoka neno lenyewe mbele ya wanawe na mbele ya majirani bila haya, lakini kuliandika chini ya macho ya mama, jina lako na uchawi, mkono ulikataa. Alikaa vile mpaka jasho likamtoka. Mwisho akarudisha karatasi, upande ule ungali mtupu.

Mama aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Mimi nikapiga magoti nikamshika miguu kuomba radhi. Alinisukuma. Alisema kwamba radhi yake ipo lakini si ya kwanza, nianze kwa aliyelala nyumba ya watu miezi minne kwa ajili yangu, nimwandikie kila kitu bila kuficha, na yeye akikubali ndipo nirudi kwake. Ndiyo maana nimekuandikia. Asubuhi hii nimempa asome barua hii mpaka hapa kabla sijaifunga, naye ameisoma kama kawaida yake, na kijiji kizima sasa kimeisikia kabla yako. Unisamehe na kwa hilo.

Bati lako nimeligongelea upya. Mwandu alileta misumari, akashika ngazi. Sikulazimishi, mama mdogo. Ukisema hutaki kutuona tena, sina mdomo wa kukubishia. Lakini nitakuja Jumamosi ijayo hapo Zagayu, nitasimama nje ya ua wa mjomba, siingii mpaka uniite. Usiponiita, nitageuza.

Wasalimie wote hapo, mmoja mmoja kwa jina lake, na Nancy mwambie ndama jike wa mtamba mwekundu anamngoja ampe jina. Jenifer anakusalimu. Mama anakusalimu tena, na amenishika mkono niongeze hili kabla sijatia sahihi: kwamba masikio yake hayatarudi, daktari kasema na yeye ameshakubali, lakini wewe unaweza kurudi, na yeye hataki kupoteza vyote viwili.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,

Januarius Masele.